Kura ya komini: maswali ya wasomaji wa Lubumbashi

Barua zenu juu ya kura ya washauri wa komini (watu wa baraza la kila sehemu ya mji) zimefika nyingi. Nyingine zinauliza jambo la dakika tano, nyingine zina hasira ya miezi. Tumechagua zile ambazo jibu lake linaweza kumsaidia na jirani. Kwa wasiokumbuka: kura hiyo ilipigwa tarehe 20 Desemba 2023, siku moja na kura ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa jimbo. Haikufika kila mahali nchini, ilifanyika katika komini za Kinshasa na za miji mikuu ya majimbo. Kwetu Lubumbashi ni komini saba: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi.

Jambo yenu. Tulimchagua mshauri wa komini, lakini bugumestre (mkuu wa komini) tuliyenaye bado ni wa kuteuliwa, na meya vilevile. Sasa tulipanga foleni ya nini? (Baba wa familia, Katuba)

Baba, kwa mujibu wa sheria mwananchi hapigi kura ya bugumestre moja kwa moja, wala ya meya. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na usultani imepanga ngazi. Ninyi mnachagua washauri wa komini. Washauri hao wakishaketi wanamchagua bugumestre na msaidizi wake, na wao ndio wanaowachagua pia washauri wa mji. Washauri wa mji nao ndio wanaomchagua meya na naibu wake. Ngazi moja ikikwama, zote za juu yake zinangoja, na mtu aliyeteuliwa anaendelea kukalia kiti. Baada ya kura ya Desemba 2023 hatua za bugumestre na meya hazikufuata haraka, zilichelewa. Hapo ndipo penye swali lako, na una haki ya kuliuliza kwa sauti. Anayepaswa kulijibu ni CENI (tume ya uchaguzi), ambayo ndiyo inatoa kalenda, pamoja na serikali, ambayo ndiyo inatoa feza. Mshauri uliyemchagua hana ufunguo huo.

Wengine wameandika kwamba mji wetu haujawahi kuchagua watu wa komini. Umewahi. Desemba 1957, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, wakaaji walipiga kura ya komini, wakati mmoja na Léopoldville na Jadotville (Likasi ya leo). Walikuwa wanaume tu, mama zetu hawakuitwa. Ugomvi juu ya nani alishinda, mwenyeji au mgeni, ulikuwa mmoja wa sababu za kuzaliwa kwa chama cha Conakat mwaka uliofuata. Tangu siku hizo kiti cha komini mjini hapa hakikuwa kitu kidogo.

Na mkuu wa kartie (mtaa ndani ya komini)? Huyo hachaguliwi. Kartie haina baraza lake, ni sehemu ya utawala wa komini tu.

Mgombea wetu alipata kura nyingi kabisa katika kartie yetu, tulihesabu wenyewe. Lakini aliyeingia ni mwingine aliyepata nusu ya kura zake. Huu si wizi? (Mwanafunzi, Ruashi)

Huenda ni wizi, huenda siyo, na bila karatasi za matokeo hatuwezi kukuambia. Ila jambo unaloeleza linaweza kutokea bila mtu kuiba hata kura moja. Barua kama yako ni nyingi, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Kwanza, kura yako inahesabiwa mara mbili: kwa mtu uliyemgusa kwenye kioo cha mashine ya kura, na kwa orodha ya chama au muungano wake. Viti vinagawiwa kwa orodha kwanza. Ndani ya orodha ndipo wanaangalia nani ana kura nyingi.

Pili, kuna kizingiti. Sheria ya Desemba 2017 ilikiweka: 1 kwa mia kwa wabunge wa taifa, 3 kwa mia kwa wabunge wa jimbo, na 10 kwa mia kwa kura za chini kama ya komini. Orodha isiyofika 10 kwa mia ya kura halali za komini inawekwa kando kabla ya kugawa chochote. Mgombea binafsi anahesabiwa kama orodha ya mtu mmoja, na kizingiti hakimwonei huruma.

Tuchukue mfano tuliotunga sisi wenyewe, namba zake si za komini yoyote. Kura halali ni 40.000, viti ni 9. Kizingiti ni kura 4.000. Orodha A ina 14.000, B ina 9.000, C ina 7.000. Kura 10.000 zilizobaki zimetawanyika kwa orodha ndogondogo, na hakuna hata moja iliyofika 4.000. Hizo zote zinatoka nje. Zimebaki kura 30.000 za A, B na C. Gawanya kwa viti 9, unapata 3.333 na kidogo. Hiyo ndiyo bei ya kiti kimoja sokoni siku hiyo. A ananunua viti 4 na anabaki na kura 667. B ananunua 2, anabaki na 2.333. C ananunua 2, anabaki na 333. Viti 8 vimekwenda, kimebaki kimoja, na anakipata mwenye salio kubwa kuliko wote, yaani B. Mwisho wa hesabu: A viti 4, B viti 3, C viti 2.

Sasa tazama. Mtu wa orodha D mwenye kura zake mwenyewe 2.500 anarudi nyumbani, kwa sababu orodha yake nzima haikufika 4.000. Na mtu wa tatu wa orodha B, pengine mwenye kura 600, anaingia barazani. Kartie nzima inapiga kelele, na hesabu iko sawa.

Sisi tunaona 10 kwa mia ni kizingiti kirefu mno kwa komini, mahali ambapo mtu anajulikana kwa kazi yake na siyo kwa bendera. Lakini ndiyo sheria, na anayetaka kugombea lazima aijue kabla ya kuweka jina. Ndiyo maana mnaona vyama vidogo vinakimbilia miungano mikubwa karibu na siku ya kuweka orodha: wanatafuta pa kuvukia. Mpiga kura naye afanye hivyohivyo. Usiishie kuuliza "mtu huyu ni mzuri?" Uliza pia yuko kwenye orodha gani, na orodha hiyo ina watu wengine wenye nguvu katika komini au yeye peke yake anaibeba.

Nilijiandikisha Kenya, sasa nimehamia Kampemba. Naweza kupigia kura hapa karibu na nyumba? (Mama mwenye duka)

Hapana, mama. Unapigia kura kwenye ofisi ambayo jina lako liko kwenye orodha yake. Kwa kura ya rais watu hawaoni tofauti kubwa, lakini kwa kura ya komini tofauti ni kubwa mno: ukienda Kenya unawachagulia watu wa Kenya mitaro na soko lao, huku mitaro ya Kampemba inangoja wengine. Ukitaka kubadili, subiri CENI ifungue tena uandikishaji au marekebisho ya orodha, uende kituo cha mahali unapokaa na kadi yako ya zamani, uombe kuhamishwa.

Usijiandikishe upya kana kwamba hujawahi kuandikwa. Alama za vidole zinalinganishwa nchi nzima, majina mawili ya mtu mmoja yanaonekana, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la sheria.

Asiye na kadi yoyote anaweza kujiandikisha kwa cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni ya kuendesha gari, au kadi ya mwanafunzi au ya kazi. Akikosa vyote, sheria ya mwaka 2004 inakubali mashahidi watatu walioandikwa kituo hichohicho na waliokaa hapo angalau miaka mitano. Watu wanakwenda na mashahidi wa mtaa mwingine, halafu wanashangaa kurudishwa.

Maandishi ya kadi yangu ya 2023 yamefutika, hata picha haionekani vizuri. Itanizuia? (Fundi, Annexe)

Hauko peke yako, kadi za mwaka ule ziliwafutikia watu wengi. Omba nakala kwenye tawi la CENI mapema. Usingoje wiki ya kura, foleni inakuwa ya kutisha. Wakati maandishi bado yanasomeka, piga picha pande zote mbili na uandike namba ya kadi na kodi (code) ya kituo chako mahali pengine. Namba ndiyo inayokutafutia jina kwenye orodha hata sura ikipotea. Na kabla ya siku ya kura nenda ukasome orodha iliyobandikwa kwenye kituo. Jina likikosekana ukalijua wiki moja mbele, kuna mtu wa kumuuliza. Ukilijua saa nne asubuhi siku yenyewe, utakuwa unagombana na karani asiye na uwezo wa kuliongeza.

Macho yangu yamechoka na ile mashine inanichanganya. Mjukuu wangu anaweza kunisaidia, au watasema ni kosa? (Mzee, Kamalondo)

Baba, si kosa. Asiyeweza kupiga kura peke yake ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye mwenyewe, ila huyo msaidizi lazima awe mpiga kura. Mjukuu wa miaka 16 hapana, wa miaka 20 mwenye kadi ndiyo. Msaada huo unaandikwa katika PV (karatasi rasmi ya ripoti ya ofisi ya kura). Jambo moja la kukataa kwa upole lakini kwa nguvu: mtu wa ofisi, au shahidi wa chama, anayekuja mwenyewe na kusema "lete nikuonyeshe." Wewe ndiye unayemwita msaidizi, yeye hajiiti.

Mambo yanakwenda hivi. Unaonyesha kadi, wanatafuta jina, wanaangalia vidole kama havina wino. Wanakupa karatasi ya kura. Igeuze uone sahihi za watu wa ofisi mgongoni, kwa sababu karatasi isiyo na sahihi hizo itatupwa wakati wa kuhesabu, na kosa halitakuwa lako lakini kura itakuwa imekufa. Unakwenda kwenye mashine iliyofichwa, unaingiza karatasi. Kama ni kura nyingi za siku moja, kioo kinaleta moja baada ya nyingine, na mwaka 2023 ya komini ilikuwa ya mwisho. Hapo ndipo wengi waliharakisha kwa sababu foleni ilikuwa inapiga kelele nyuma. Unagusa picha au unaandika namba ya mgombea, kioo kinakuonyesha uliyemchagua, unathibitisha, mashine inachapa. Usitoke hapo kabla ya kusoma karatasi iliyochapwa. Iko sawa? Ikunje, itie kwenye sanduku, uweke sahihi au kidole kwenye orodha, upakwe wino, uchukue kadi yako. Haiko sawa, au imetoka nyeupe? Usiitie sandukuni. Mrudishie mkuu wa ofisi, aifute mbele yako na akupe nyingine. Ikishaingia sandukuni imekwenda.

Kuhusu kuchanganyikiwa na picha: mwaka 2023 nchi nzima ilikuwa na wagombea 31.234 wa komini kwa viti 915. Nyuso ni nyingi na kioo ni kidogo. Andika namba ya mgombea wako kwenye kikaratasi, uingie nacho. Kofia na fulana ya mgombea ndizo zinakatazwa, kikaratasi cha namba hakimsumbui mtu.

Ofisi zinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi (6:00) na kufungwa saa kumi na moja jioni (17:00). Aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa ya kufunga ana haki ya kupiga. Mwaka 2023 vifaa vilichelewa sehemu nyingi, na kura iliendelea hata kesho yake. Beba maji.

Chama kimenichagua kuwa shahidi. Nifanye nini ili nisiwe pambo tu? (Kijana, Kenya)

Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kitambulisho ulichopewa na CENI. Unataka kuona sanduku likiwa tupu, na kuandika namba za vifungio vyake. Andika pia ni karatasi ngapi za kura zimepokelewa. Bila namba hiyo ya kwanza, namba zote za jioni hazina pa kushikia. Tuseme mmepokea 500. Jioni sanduku linatoa 412, zilizoharibika na kufutwa ni 6, zisizotumika ni 82. Jumla 500, vizuri. Halafu linganisha 412 na sahihi zilizo kwenye orodha ya wapiga kura. Kama sahihi ni 390, kuna karatasi 22 zisizo na mwenyewe, na hapo ndipo unaomba maelezo.

Hesabu rasmi ni ile ya mkono: karatasi inatolewa, inasomwa kwa sauti, inaonyeshwa. Namba zilizo ndani ya mashine hazichukui nafasi yake. Kaa mahali ambapo unaona maandishi ya karatasi, siyo mgongo wa msomaji.

Makosa tunayosikia kila mara ni matatu. La kwanza ni shahidi kutoka saa nane kwenda kutafuta chakula bila wa kumpokea. Chama kinachotuma mtu mmoja bila bukari na bila mtu wa zamu kimejifunga chenyewe. La pili ni kusaini PV tupu asubuhi "ili tumalize haraka jioni." Usisaini karatasi yenye nafasi zisizojazwa, hata ukitishwa kwamba hutalipwa. La tatu ni kukataa kusaini kwa hasira, kisha kuondoka. Kukosekana kwa shahidi au kwa sahihi yake peke yake hakufuti matokeo, kwa hiyo umepoteza nafasi bure. Una malalamiko? Dai yaandikwe katika PV, kwa saa na kwa namba: "saa kumi mashine ilizimika dakika arobaini", "watu wawili walipiga bila jina." Ndiyo haki yako. Lakini kumwamuru mkuu wa ofisi au kugusa karatasi siyo kazi ya shahidi.

Mwishoni chukua nakala yako ya matokeo, halafu piga picha ile karatasi iliyobandikwa ukutani nje, namba ya ofisi ionekane vizuri. Mvua za Desemba mnazijua. Karatasi ya ukutani haikai.

Kuna mama anapita akikusanya namba za kadi zetu, anasema mgombea atatupa unga. Ni sawa? (Kikundi cha akina mama, Katuba)

Si sawa, na kadi yenyewe msimpe kabisa. Hana njia ya kujua mlivyopiga, kwa sababu kura ni ya siri, Katiba imesema hivyo katika kifungu cha 5. Namba mnazompa zinamsaidia kuwatisha tu. Kununua kura ni kosa, na mara moja moja linaadhibiwa: tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82, wa bunge la taifa, wa majimbo na wa komini, kwa mambo kama udanganyifu, rushwa na kushika mashine za kura kinyume cha sheria. Siku hiyohiyo ilifuta kura nzima ya wabunge kule Masimanimba na Yakoma.

Mume wangu ni polisi. Ana kadi ya zamani, apige kura? (Lubumbashi)

Hapana. Sheria inawatoa wanajeshi na polisi katika kupiga kura. Wewe mke wake hukatazwi.

Tunataka kupinga matokeo ya komini yetu. Tuende wapi? (Wafuasi wa mgombea, Ruashi)

Siyo polisi, na siyo redio. Kesi za kura ya komini ni za mahakama ya utawala, wala haziendi Mahakama ya Katiba, ambayo inashughulikia rais na wabunge wa taifa. Siku za kupeleka shauri ni chache na zinaanza kuhesabiwa tangu kutangazwa kwa matokeo, kwa hiyo mwone wakili jioni hiyohiyo.

Mpelekee vitu vinavyohesabika: nakala za PV za ofisi mnazozilalamikia, moja moja, picha za karatasi zilizobandikwa, na jedwali lenu linaloonyesha ofisi namba fulani ilisema 140 ukutani na 410 kwenye matokeo ya mwisho. Jumlisheni kwanza. Kama tofauti yote ni kura 200 na mgombea wenu alipungukiwa na 1.500 kufika kizingiti cha 10 kwa mia, wakili mwaminifu atawaambia mbaki na feza yenu.